Majibu Yaliyokwama kwenye Seva Yangu

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa kliniki moja hapa Lubumbashi, na mwezi uliopita nilijiona askari hodari. Niliweka kikagua-virusi kwenye seva ya proksi, ile mashine inayopitisha intaneti yetu yote, nikaiamuru izuie kila faili ambayo haiwezi kuifungua. Nikazima hata ujumbe wa onyo, ili watu wasinisumbue kwa maswali. Sikukumbuka kwamba maabara ya ng'ambo inayotupimia sampuli hufunga majibu ya wagonjwa kwa neno la siri.

Mama Ngoie alikuja kila wiki kutoka Kipushi kuulizia majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye titi lake. Kila mara daktari alikuta ukurasa mtupu kwenye kompyuta. Mimi nikamfariji mama pale benchini, nikiisingizia maabara: "Mama, bale bantu ba labo banalala tu. Sisi huku tuko sawa."

"Baamuke basi, papa," akanijibu. "Hii bugonjwa hailalake."

Jana daktari aliipigia simu maabara mbele yake. Wakasema majibu yako tayari tangu zamani, ila kila tukianza kuyapakua, yanakatwa huku kwetu. Daktari akaniita. Niliondoa kizuizi wakitazama, na faili ikafunguka papo hapo.

Daktari alisoma, akavua miwani.

"Mama, ilifaa tuanze dawa mwezi uliopita."

Mama Ngoie hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Kumbe njo weye, papa, ulikuwa unalala."