Lori la Jeshi Kwenye Mchanga wa Ndavaya

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Bi Mwanasha alinipigia simu nikiwa nyumbani Msambweni. Lori lake la maji, lori kuukuu la jeshi alilolinunua mnadani, lilikuwa likikwama kila mara. “Gari lililobeba mizigo ya vita linashindwaje na maji, fundi? Likikwama na leo, naliuza chuma chakavu.” Ufundi nimejifunza kwa kusoma, na malori hayo nimeyasoma sana bila kupanda hata moja. Nikaondoka.

Ukunda nilimkuta dereva, Hamisi, akijaza tangi. “Shikamoo, fundi. Mgonjwa wako huyu hapa.” Nikamzunguka mgonjwa. Ekseli zote tatu zilisukumwa na injini. Malori ya mwanzo ya jeshi yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, yakaishia ilipoishia barabara. Baadaye wahandisi walipeleka nguvu mbele pia, na nyuma wakaweka tairi moja pana kila upande, likanyage njia iliyokwisha kushindiliwa na la mbele. Hili la Bi Mwanasha lilikuwa na matairi mawili mawili nyuma.

“Muuzaji aliniambia mawili hubeba zaidi,” alisema Bi Mwanasha, ambaye naye alikuwa amekuja kusafiri nasi.

“Kwenye lami, ndiyo.”

Hapakuwa na nafasi ya kubadilisha. Huko Ndavaya, tulikokuwa tukipeleka maji, mifugo ilikuwa haijanywa tangu juzi.

Baada ya Kinango tuliingia kwenye vumbi jekundu na miti ya miiba. Gari lilikwenda taratibu, bila tatizo, mpaka kwenye mto mkavu. Matairi ya mbele yalipita. Ya nyuma, kila jozi ikijichimbia njia mpya, yakazama hadi kwenye ekseli. Tulipunguza upepo wa matairi, tukajaribu tena. Lori lilitetemeka tu.

“Ni uzito,” nilisema. “Tumwage nusu.”

Bi Mwanasha aligeuza uso. Hamisi akashika koki.

“Wee baba, acha koki hiyo!” Mwanamke mmoja alikuwa akiteremka ukingoni: Mama Mbeyu, mfugaji, mmoja wa waliokuwa wakiyangoja maji hayo. “Kilichokwama ni gari. Ng'ombe wangu wana miguu.”

“Watafika hapa?” niliuliza.

“Kwa maji? Watafika Diani, walale hotelini!”

Tulichimba shimo mchangani, tukatandika turubai, tukafungua koki. Ng'ombe walikuja wakisukumana, mbuzi wakipenya katikati ya miguu yao. Mama Mbeyu aliwapanga kwa fimbo na matusi. Walipotosheka, tangi lilikuwa limebaki nusu, na Hamisi alilitoa lori polepole bila kuvutwa. Maji yaliyobaki tuliyafikisha kijijini, yakawa ya majumbani.

Njiani kurudi, Bi Mwanasha hakutaja chuma chakavu. Aliniuliza matairi mapana yanapatikana wapi. Mimi niliwaza juu ya vitabu vyangu: vyote vinaeleza jinsi ya kulifikisha lori kwa anayengoja, na sikuwahi kufikiri kwamba anayengoja naye anaweza kulifuata. Trekta la kutuvuta, ambalo hatukuliita, lingetugharimu shilingi elfu kumi na tano.