Hiltje, mfagiaji aliyefuta nafasi yake mwenyewe

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hiltje Terpstra ameketi ndani ya mashine yake ya kufagia mwanzoni mwa mtaa wa Lijsterstraat, mjini Arnhem. Injini inanguruma, brashi ziko juu, na hajui azishushe au aziache.

Mbele yake matofali ya kando ya barabara yamejaa chaki. Kila baada ya mita mbili tatu kuna mstari, jina la mtu na neno moja la herufi kubwa: PAMECHUKULIWA. Kwa miaka ishirini na mitatu, akiona chaki ya namna hii, huinua brashi akapita zake. Lakini karatasi ya kazi iliyobandikwa kwenye kioo inasema mengine. Ijumaa tarehe 25, osha kwa maji. Jumamosi tarehe 26, mkesha, usiguse alama. Jumapili tarehe 27, Siku ya Mfalme.

"Hapa kuna kitu hakijakaa sawa," anasema, akiikodolea karatasi macho kama vile itajirekebisha yenyewe. "Mwaka huu ishirini na saba ni Jumapili. Ikiangukia Jumapili, sherehe inarudi nyuma, inakuwa Jumamosi. Kwa hiyo mkesha ni leo. Au siyo?"

Anampigia simu Cor, msimamizi wake, ambaye ndiye aliyeiandika hiyo karatasi.

"Cor, mkesha ni lini?"

"Karatasi inasemaje?"

"Kesho."

"Basi ni kesho."

"Lakini kesho si ndiyo sherehe yenyewe?"

Upande wa pili mtu anatafuna mkate. "Hiltje, dada yangu, usinichanganye asubuhi yote hii. Hata leo tarehe ngapi sina hakika. Imeandikwa osha? Osha."

Hiltje alizaliwa Frisia, kaskazini, kwa watu ambao kilichoandikwa ndicho kilichokubaliwa, na kilichokubaliwa hakijadiliwi. Anajua yuko sahihi. Pia anajua kwamba mtu mmoja na akili yake saa hizi za asubuhi si kitu mbele ya karatasi. Anashusha brashi na kufungulia maji.

Mfereji unajaa maji meupe, kama ya kuoshea mchele. Majina yanakwenda moja baada ya jingine. Anaosha upande wa namba shufwa wote, kisha wa namba witiri karibu mpaka mwisho, na mbele ya nyumba namba 37, chini kabisa ya gurudumu la kulia, anaona chaki ya buluu: BIBI NA FENNA.

Mwandiko ni wake.

"Nilikanyaga breki," anasema. "Lakini maji hayana breki."

Hiltje ana miaka hamsini na tisa. Mshahara wake ukishakatwa kodi unabaki yuro elfu mbili mia mbili na hamsini kwa mwezi, na mia nane zinaishia kwenye kodi ya nyumba ya vyumba viwili, juu ya fundi baiskeli, katika mtaa huohuo anaoufagia. Mume aliondoka mapema. Binti yao, Renske, alilelewa na mama peke yake, na mama alilelewa na Siku ya Mfalme, kwa sababu ndiyo siku iliyokuwa ikilipa mara mbili.

Ni siku ambayo mtaa mzima hutoka nje. Kila familia hutandika blanketi kwenye nafasi iliyoiwekea alama ya chaki na kuuza vitu vilivyokaa darini mwaka mzima: midoli, viatu vya kuteleza kwenye barafu, mafumbo ya picha yasiyo na vipande vyote. Watoto hupiga filimbi vibaya na kulipwa vizuri. Wazee huvaa taji za karatasi za rangi ya chungwa. Jioni mtaa unakuwa jalala, na jalala hilo lilikuwa la Hiltje.

"Wenzangu walikuwa na mama wa kuuza naye," anakumbuka Renske, ambaye sasa ana miaka thelathini na minne na anaishi Zwolle. "Mimi nilikuwa na mama wa kuokota maganda yao. Nilikaa kwenye blanketi la jirani Nurhan. Mama anapita, ananipungia mkono. Baada ya saa moja anapita tena."

Mwezi Machi Renske alipiga simu. Mwanawe Fenna ametimiza miaka saba na anataka kuuza midoli yake mtaani kwa bibi. Kisha akauliza swali ambalo Hiltje anasema lilimchoma kuliko yote aliyowahi kuulizwa: "Mama, safari hii utakuwepo, au utapita?"

Hiltje akaomba ruhusa ya siku hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Jumatano, siku ambayo mtaa huruhusu chaki, alishuka ngazi na kuandika nafasi yake mbele ya namba 37, mita mbili tu, katika pengo lililoachwa na familia iliyohama kabla yeye hajaanza kufagia. Sheria hiyo ya Jumatano haikuandikwa popote, lakini ole wako uivunje. Humu mtaani watu husahau kufunga baiskeli zao, ila nafasi ya chaki hawasahau.

Sasa ni saa tisa alasiri, Ijumaa hiyohiyo. Lijsterstraat imefurika watu, na kila mtu anaonyesha chini kwa kidole.

Kabla ya maji, mtaa ulikuwa na nafasi arobaini na tatu. Baada ya maji, ukisikiliza madai ya kila mtu, zimekuwa sitini na kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yameondoka na ushahidi wote.

"Mita tatu!" anasema Barend Stuivenberg, mkaanga vijikeki, mwanaume mwenye sauti ya kuita kivuko. "Miaka kumi na minne, mita tatu, kuanzia kwenye ngazi yangu!"

"Tatu za wapi? Mbili!" anadakia Nurhan Aksoy, jirani yule aliyemkalisha Renske utotoni. Nurhan huuza borek, sambusa za Kituruki za jibini. "Ile ya tatu ulijimegea mwaka jana nilipokwenda chooni."

"Nurhan, jirani, usinianze."

"Sijakuanza. Nikikuanza utajua."

Barend anamgeukia Hiltje, ambaye amesimama kando ya mashine yake na funguo mkononi. "Nawe, jirani, tueleze. Mwaka huu ni mara ya kwanza unauza. Na mwaka huu ni mara ya kwanza unaosha. Sisi si watoto wadogo."

Wengine wanacheka. Hiltje hacheki. Anaeleza habari ya karatasi, ya tarehe, ya Cor, na kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozidi kusikika kama mwongo. Hata yeye katikati ya maneno anasimama na kuuliza, "Kwani kesho ni ngapi?"

Hapo ndipo alipobanwa. Akiandika tena jina lake pale namba 37, atakuwa amemthibitisha Barend. Asipoandika, Renske na Fenna watashuka na midoli yao saa kumi na mbili asubuhi na kukuta hawana pa kukaa. Na majirani wa kulia na kushoto wa lile pengo wote wawili wameshaapa kwamba ni lao.

"Nitazirudisha zote," anasema ghafla.

"Utazirudishaje? Umeziandika wapi?" anauliza Barend.

"Sijaandika."

Anajaribu kwanza kwa miguu. Anatembea hatua kumi na chaki mkononi, anainama, anasita, anarudi. Hakumbuki kitu. Uso umemwiva kwa aibu. Anazisoma nyumba kama mgeni aliyepotea, na hapo ndipo anapoishi.

Kisha anapanda mashine. Anaiwasha, brashi zikiwa hazizunguki, na kuiendesha kwa mwendo wa konokono huku mkono wa kulia ukiwa juu ya wenzo wa kuinulia brashi. Mbele ya milango ya kwanza mkono unainuka na kushuka, Nurhan akichora nyuma; mbele ya ngazi ya Barend unainuka tena. Haukuulizwa. Baada ya mita tatu kasoro kidogo unashuka.

"Hapo!" anapiga kelele kutoka ndani. "Barend ni hapa mpaka hapa! Nurhan, chora!"

Nurhan anachora. Mashine inakwenda. Mkono unainuka, unashuka, unainuka. Hiltje anatangaza majina dirishani kama kondakta, na nyuma yake Nurhan anainama na kuandika, anainama na kuandika, akilaani magoti yake. Kelele zinapungua. Mwanamke mmoja aliyekuwa amedai mita tano anakubali mbili na nusu bila neno, kwa kuwa hizo ndizo alizokuwa nazo na anajua.

"Sikufikiri," Hiltje anasema. "Nikifikiri tu, napotea. Ilibidi niuache mkono ufanye kazi yake."

Wanafika namba 37. Mkono unapita hapo ukiwa umetulia kwenye wenzo, hauinuki. Hiltje anarudisha mashine nyuma na kupita tena. Hauinuki.

Nurhan anagonga kioo. "Na wewe je? Si ulikuwa hapa?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Mkono haunijui, Nurhan. Miaka yote hii haujawahi kuinuka kwa ajili yangu." Anavuta kamasi, anafuta pua kwa glavu. "Tuendelee. Wape hao wawili."

Aliendelea mpaka mwisho wa mtaa. Jioni hiyo alishika simu mara tatu ili amwambie Renske asije. Mara zote tatu aliiweka chini.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu asubuhi, sherehe haijaanza na tayari Lijsterstraat haielewi kilichoipata. Meza hazitoshi. Mablanketi yanakunjwa ncha. Watu wazima wenye taji za karatasi wanasimama juu ya chaki yao na kuitazama kama waliolala hapa wakaamka pengine.

"Mita mbili na themanini!" Barend amekuja na utepe wa kupimia. "Jana ilikuwa karibu tatu, niliiona kwa macho yangu! Na ilianzia kwenye ngazi. Sasa mbona ngazi iko ndani?"

"Ngazi imehama?" jirani anamuuliza kwa upole.

"Mimi ndiye niliyehama! Lakini nimehamaje?"

Hiltje anasikiliza akiwa mlangoni kwake, amevaa sweta ya rangi ya chungwa yenye alama za mikunjo ya dukani. Anaamini ni yeye. Anaamini mkono alioutegemea jana umemdanganya, na kwamba sasa amewakosea watu wote mara mbili. Anamwendea Barend na kumwambia, "Nisamehe, jirani. Nimezeeka."

Renske anatokea kona ya mtaa akisukuma baiskeli ya sanduku. Ndani ya sanduku yumo Fenna, amezungukwa na midoli, amejipaka rangi ya chungwa hadi kwenye nyusi.

"Bibi! Tuko wapi?"

Hiltje anamtazama binti yake, anatazama mtaa, anamtazama tena binti yake, na Renske anamsoma usoni.

"Hujapata nafasi," Renske anasema taratibu. "Wamekupangia kazi."

"Hapana, mwanangu, sina kazi. Nina... Nilikuwa na nafasi. Nikaiosha."

"Umeiosha?"

"Kwa maji."

Renske hajui acheke au alie, na uso wake unajaribu vyote viwili. Ndipo Nurhan anapofika, sinia la borek begani, akimshika Hiltje kiwiko bila salamu.

"Nyinyi watatu mnasimama hapa mnangoja nini? Nafasi yenu inapata baridi."

Anawapeleka mpaka mwisho kabisa wa mtaa, upande wa namba witiri, karibu na pipa la chupa linalonuka mvinyo wa wiki mbili. Pale, baada ya alama ya mwisho, kuna mita mbili na kidogo za matofali matupu, na majina mawili kwa mwandiko mzito wa Nurhan.

Hiltje anazipima kwa macho. "Hapa hapakuwa na nafasi. Jana alama ya mwisho iligusa pipa."

"Iligusa."

"Sasa hii imetoka wapi?"

Nurhan anaweka sinia chini na kuonyesha kiganja chake. Upande huu una watu ishirini na wawili, anasema. Yeye amemkata kila mmoja upana wa kiganja kimoja, na anayefuata akamsogeza. "Wewe ulikuwa unatazama mbele. Mimi nilikuwa nyuma na chaki. Jifanye hujasikia. Huyu Barend akijua atanikaanga."

Mtaani juu, Barend amepiga magoti na anaipima nafasi yake upya, safari hii akianzia upande wa pili.

Blanketi linatandikwa. Fenna anapanga midoli kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha anaivuruga yote. Mteja wa kwanza anatoa senti hamsini na kuchukua sungura asiye na sikio. Hiltje ameketi kwenye kiti cha kukunja, amenyooka kama yuko kwa daktari. Upepo unaleta karatasi ya keki mpaka miguuni pake, naye tayari ameshainuka nusu.

"Mama," anasema Renske. "Kaa."

Anakaa. Karatasi inaendelea na safari yake. Anaifuata kwa macho mpaka inapotea chini ya baiskeli, na kumwona akiiacha ni kama kumwona mtu akivuka mto.

"Sasa hapa tunafanya nini?" anamnong'oneza binti yake.

"Hakuna. Tumekaa tu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tuchoke. Au mvua inyeshe."

Hiltje anaufikiria utaratibu huo ambao haumo kwenye karatasi yoyote. Fenna amekuja kumwegemea goti, hajaomba, hajaambiwa, ameegemea tu, na bibi hajui mikono yake aiweke wapi. Mwishowe anaiweka juu ya nywele za mtoto, zenye rangi ya chungwa, na rangi inamhamia vidoleni.

Anapoulizwa ana mpango gani kwa mwakani, Hiltje Terpstra anainua uso na kulitazama wingu lililosimama juu ya paa la kanisa.

"Mwakani sijui," anasema. "Naomba tu leo isinyeshe."