Ini Ambalo Siku Zake Hazijafika

Kaka yangu mkubwa aliishi siku nne. Alizaliwa kwa mimba ya miezi saba, hapa kijijini Talatala, akawa wa manjano hadi kwenye weupe wa macho, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imefunikwa na maji ya masika. Mama hajawahi kujisamehe. Kaka akitajwa tu, mama huinuka akatafute kazi ya kufanya.

Na mama huyo ndiye niliyekwenda kumwomba mayai ya kupasua. Nasoma chuo kikuu. Utafiti wangu ni juu ya ini la kifaranga kabla hajaanguliwa, na nilihitaji mayai ambayo siku zake zinajulikana bila ubishi. Kwa hilo mama hana mpinzani. Kila yai analomwekea kuku alilalie hulitia alama ya mkaa, na siku zake anazo kichwani.

"Ndaga fijo," alinishukuru kwa Kinyakyusa, kwa kejeli. "Tumekusomesha uje kuua vifaranga."

Nikaketi naye jikoni tukamenya ndizi, nikamweleza. Kila chembe ya ini la kifaranga ina maelekezo yake yote tangu mwanzo, ila hayafunguliwi kwa pamoja. Mengine ni ya kutengeneza vipokezi, yaani vitu vya kupokea ujumbe wa homoni unaoletwa na damu. Siku za mwanzo maelekezo hayo yamefungwa. Ukimpa kifaranga homoni mapema, ini halifanyi chochote, maana hakuna cha kupokea. Siku zikifika yanafunguka kidogo kidogo. Kinachoyafungua ndicho ninachokitafuta.

Kisu chake kikasimama. "Na ini la mtoto wa miezi saba?"

Nilitamani kudanganya, kwa sababu machozi ya mama nayaogopa kuliko mtihani wowote. Nikamwambia kuku si binadamu, na vipokezi vyangu si ugonjwa wa manjano. Ila ni kweli, ini la mtoto njiti nalo halijawa tayari, halimudu kuitoa ile rangi ya manjano kwenye damu. Nikaongeza kwamba hospitali wana taa maalumu, na huenda angepona.

"La hospitali nalijua, mwanangu. Nauliza kunyonya. Kila nikimpa ziwa aligeuza uso, akalala. Miaka yote nimekaa nikijua alinikataa."

Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Tangu utotoni nilidhani kinachomuuma ni ile barabara, kumbe sikuwa namjua mama yangu. Nikaweka ndizi chini.

"Hakukukataa, mama. Manjano yakizidi, mtoto hulegea, analala tu. Hakuwa na nguvu za kunyonya."

Akaligeuza ganda la ndizi mkononi.

"Kwa hiyo alinitaka."

"Alikutaka, mama."

Hilo hakuna maabara inayoweza kulipima, nami nilimwambia bila kusita.