Nafuu ya Mwenye Nyumba

Miaka ya tisini mimi na mume wangu tulipanga chumba cha juu huko Croydon, ughaibuni, kwa mtu wa kwetu Unguja. Nyumba aliinunua kwa mkopo, na serikali ilimpa nafuu ya kodi kwenye riba, kama ilivyowapa wengine waliokopa nyumba za kuishi. Sharti lilikuwa uishi humo. Yeye akiishi Kingsbury, kwenye nyumba ya mkewe. Kwetu alikuja Jumamosi kuchukua pango, akichokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, huku ukungu mweusi umepanda ukutani mpaka juu ya kitanda chetu.

Siku moja alikuja na koti kuukuu, akalitundika ukumbini.

"Bibie, kesho atapita mtu wa mkopo. Akikuuliza, mwambie chumba cha mbele nalala mimi."

"Lakini hulali hapa."

"Nikikosa nafuu mimi, pango lenu litapanda. Ndilo unalolitaka?"

Mtu alipokuja nikamwambia, "Ndiyo, anaishi hapa. Ametoka kidogo." Nilihisi kama nimelamba sabuni. Jioni nilipomweleza mume wangu, aliisukuma sahani.

"Umemsemea uongo yule?"

Nikaiondoa sahani mezani.

Baadaye serikali ikapunguza nafuu kwa watu wote. Akapandisha pango. Ikapunguzwa tena, akapandisha tena, kila mara akiapa kwamba anaonewa. Ilipofutwa kabisa alikuja na barua mkononi, akakaa kitandani kwetu bila kukaribishwa.

"Serikali imeninyang'anya haki yangu. Kuanzia mwezi ujao mtaongeza."

"Haki gani? Hujalala hapa hata siku moja."

Akacheka, meno yote nje. "Na nani alinitolea ushahidi kwamba nalala?"

Nilimwonea kinyaa, nikajionea na mimi. Mume wangu alifungua mlango, akamwambia atoke. Mwisho wa mwezi tukahama.

Tulikuwa tukisikia kwamba nafuu ikiondoka, bei za nyumba zitatulia. Tulipoanza kutafuta yetu, nafuu haipo na bei zimepaa. Yeye nyumba yake, ukungu na yote, aliiuza kwa faida kubwa. Mara mbili niliandika barua ya kumshitaki kwa waliomkopesha. Mara mbili niliichana, kwa sababu nisingeweza kuimaliza bila kujitaja.