Sita na Sita Ikawa Tatu

Mama mdogo ni mshona mapazia, na mtaani wanamwita Mama Kwanini. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Ukimwambia wali umeungua, atataka kujua ulianza kuungua pembeni au katikati. Mimi ni mtoto wa dada yake, nina gari na sina subira, kwa hiyo safari zake zote za kuuliza maswali huwa naziendesha mimi.

Safari hii alikuwa anatafuta amplifaya, ile mashine inayokaa chini ya televisheni na kugawa sauti kwenye spika tano za sebuleni. Ya zamani ilikuwa imekufa. Mtu mwingine angenunua yoyote yenye taa nzuri, akarudi kwake. Lakini spika zile si za anasa. Mumewe, baba mdogo, alikuwa mchora mabango mpaka presha ya macho ilipommalizia macho yote mawili. Tangu hapo anaangalia filamu kwa masikio, na ni kuangalia ndivyo anavyosema, ole wako umsahihishe. Kila spika aliipangia mahali pake mwenyewe, mama mdogo akipima kwa futi ya kushonea kuanzia kwenye kiti chake. Gari likipita nyuma yake, analisikia likitoka bega hili kwenda lile. Mara nyingi anajua muuaji ameingia kwa mlango upi, sisi wenye macho bado tunatafuta rimoti.

Mashine ilipokufa, akaacha kuja sebuleni. Televisheni yenyewe ina sauti, lakini alisema ni kama watu wote wamefungiwa kabatini. Akaanza kulala mchana, kisha na jioni, na chakula akawa anakula kwa sababu tu kimeletwa.

"Yule akizoea kitanda simpati tena," mama mdogo aliniambia garini. Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kuficha.

Nikamwambia anunue mashine mpya na spika mpya, yaishe.

"Chumba chote amejifunza kwa sauti za spika zile. Waliozitengeneza walishaacha. Nikiunganisha mashine isiyozifaa zikaungua, nimwanzishe upya kwa umri ule?"

Nikaendesha.

Dukani tulipokelewa na muuzaji mchangamfu aliyenyoosha mkono moja kwa moja kwenye boksi kubwa kuliko yote. "Mama, chukua hii. Wati elfu moja! Ukiwasha, majirani wanahama."

"Majirani wamenikosea nini?" akauliza mama mdogo. "Hizo elfu ni za kila spika, au za zote kwa pamoja?"

Muuzaji akageuza boksi, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. "Za zote, mama. Na ni kwa mpigo mmoja tu, siyo muda wote." Alisema bila kona, nami nikampenda kwa hilo.

Mama mdogo akatoa simu, akamwonyesha picha aliyopiga mgongoni mwa spika. Ilisema mwisho wati mia na ishirini, omu sita. "Wati ni nguvu, hilo najua. Omu ndiyo nini?"

Hapo muuzaji akaona bora amwite fundi wao kutoka chumba cha nyuma. Fundi alikuja na miwani kwenye paji la uso na bisibisi mfukoni, mtu mzima asiye na haraka. Nikajua leo tumekwisha, kwa sababu wawili wasio na haraka walikuwa wamekutana.

"Omu ni ubishi wa spika," alisema. "Yenye omu nyingi inabishana na umeme, haupiti kirahisi. Yenye omu chache inaachia tu, na mashine ndiyo inayochoka. Kwa hiyo kwanza tunatafuta mashine inayokubali omu sita. Nyingine zinataka nane, ukizipa sita zinachemka."

"Haya. Sasa wati. Nikichukua ya wati mia kwa kila spika, haitaziunguza?"

"Ukiwa na adabu na kitufe cha sauti, haiunguzi. Watu wanaogopa mashine yenye nguvu, kumbe spika nyingi zinauawa na mashine dhaifu. Unaikamua ipige kelele isizoziweza, sauti inakatika vichwa na kukwaruza, na zile spika ndogo za sauti nyembamba zinaungua."

"Kama cherehani ndogo ukiilazimisha kushona turubai," alisema mama mdogo. "Kinachovunjika ni sindano."

"Hapo hapo!" Fundi akacheka, na wakaonekana kama waliosoma darasa moja.

Wakachagua mashine ya wati mia kwa kila spika, iliyoandikwa wazi nyuma kwamba inakubali omu sita. Nikatoa funguo za gari.

"Bado," alisema mama mdogo. "Ile ya kwanza ilikufa kwa nini?"

"Umri, mama."

"Umri si ugonjwa. Ilikufa na nini? Mteja akiniletea pazia lililochanika, simshonei jingine mpaka nijue kilicholichana. Pengine ni msumari uko dirishani, na jipya nalo litachanika." Akakunja mikono. "Ilikuwa inachemka mpaka huwezi kuweka kiganja. Inajizima, ikipoa inawaka. Na ilikuwa inajizima hata kwenye maneno matupu, hakuna bomu, hakuna muziki. Kwa nini?"

Fundi akashusha miwani machoni. Nilimwona anavyoshikwa na swali, na nikiri kwamba na mimi lilinishika. "Sauti za maneno zinatoka spika ya katikati," alisema taratibu. "Nakuja kufunga mwenyewe."

Nyumbani, baba mdogo alisikia sauti ya mgeni, akatoka chumbani akipapasa ukuta wa korido, na kikoi chake kimekunjamana kwa kulaliwa. Akakaa kwenye kiti chake bila kuuliza kitu. Fundi alipiga magoti, akaivuta ile mashine ya zamani, akamulika mgongo wake kwa tochi.

"Nani ameongeza waya hapa?"

Kwenye tundu za spika ya katikati palikuwa na waya mbili zilizosokotwa pamoja. Moja iliingia kwenye spika iliyo chini ya televisheni. Ya pili ilipita chini ya zulia, ikafuata ukuta, ikatokomea koridoni mpaka chumba cha kushonea, kwenye spika iliyokaa juu ya rafu ya vitambaa.

"Mimi," alisema baba mdogo. "Kwa vidole hivi. Nilitaka asikie filamu huko anakoshona, asichoke peke yake."

"Kumbe ndiyo maana!" mama mdogo akadakia. "Nilikuwa nasikia watu wanaongea tu, nikadhani filamu za siku hizi hazina vituko!"

Tulicheka wote isipokuwa fundi, aliyekuwa amekwenda kusoma mgongo wa spika ile. Akarudi. "Na ile ni omu sita. Zikiunganishwa hivi kwenye tundu moja, mashine inaona omu tatu."

"Sita na sita ikawa tatu?" Mama mdogo aliruka. "Hesabu gani hiyo?"

"Chumba chenye mlango mmoja, watu wanatoka kwa kusukumana. Fungua wa pili, wanatoka mara mbili. Ubishi umepungua nusu. Mashine imebeba mzigo huo mpaka ikafa. Na hii mpya itakufa hivyo hivyo. Waya hii lazima itoke."

Baba mdogo akasema, "Basi rudisheni dukani."

"Una wazimu?" nilimuuliza, adabu ikanitoka kabisa. "Amezunguka nchi nzima kwa ajili yako!"

"Sikuweka spika ile kwa ajili yake. Nilimdanganya." Alikuwa anaongea na zulia. "Filamu peke yangu siiwezi. Nikicheka, namsikia na yeye anacheka kule mwisho wa korido, najua tuko wote. Sasa nitakaa hapa nizungukwe na spika tano, na sijui mwenzangu yuko wapi."

Mama mdogo alimtazama mumewe kwa muda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsikia akiuliza kwa nini. Akanigeukia. "Shika upande ule wa cherehani. Inakuja huku."

"Itanipigia kelele," alisema baba mdogo.

"Na wewe unakoroma. Nimekushtaki?"

Tukaibeba mpaka nyuma ya kiti cha baba mdogo, mimi nikigongwa goti na kila kona ya nyumba. Fundi akaitoa waya ya pili, akafunga mashine mpya, akajaribu spika moja moja huku baba mdogo akiinua kidole: hii sawa, hii sawa, hii ishushe kidogo. Filamu ikaanza. Mvua ilinyesha pande zote za sebule, mtu akakimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Baba mdogo akainua uso. Mama mdogo akakanyaga cherehani, akaanza kukunja pindo.

"Huyo nyuma yangu, upande wa kulia," aliuliza baba mdogo, "ni nani?"

"Ni mimi."

"Najua. Nilitaka tu nisikie unavyojibu ukiwa karibu."