Mizinga Mitano kwa Pampu Moja

Yeslam Bin Dahman na fundi Karama Bahaj walijuana kwa ugomvi wa mpira wa rejeta. Yeslam alisimamisha pikapu yake mbele ya gereji ya Karama, pale barabara inapoingia bonde la Doani, injini inafuka mvuke, akauliza bei ya mpira. Karama akataja. Yeslam akacheka, akataja nusu yake, kwani sokoni alikokulia bei ya kwanza ni salamu tu, na salamu haimshibishi mtu. Karama aliweka spana chini, akakaa juu ya tairi bovu na kumimina chai.

"Mbona umeacha kazi, ami?"

"Tunaongea."

"Kwani mikono haiwezi kufanya kazi huku tunaongea?"

"Ya wengine labda. Ukimaliza kuongea nitainuka."

Walipatana alasiri. Yeslam alipunguziwa robo ya bei, akapoteza mchana kutwa, na akaondoka akijiona mshindi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na bado hakuwa amejifunza kuutia wakati kwenye mizani.

Miaka sita ilipita, na kila alipopita njia ile alipata habari za mzee huyo kidogo kidogo. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kiliishia katikati. Feni ya lori ilikikata huko ughaibuni, Taifu, alikofanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye karakana iliyotengeneza pampu za dizeli na si kitu kingine. Waliokwenda naye walirudi na dhahabu za wake zao. Yeye alirudi na sanduku la spana na pikapu kuukuu ya rangi ya mchanga, na mkewe Salama hakuacha kumkumbusha jambo hilo. Lakini ni pikapu hiyo iliyojaza chungu kuliko gereji. Kila Alhamisi ilibeba watu na mbuzi wao kwenda sokoni na kuwarudisha. Injini yake na ya pikapu ya Yeslam zilikuwa za aina moja, mwaka mmoja.

Mwaka wa sita uwanda wa pwani ulikauka hata miiba ikakosa maua. Yeslam alikuwa mfuga nyuki; aliwalisha nyuki wake maji ya sukari kwa miezi mitatu, akingoja mikunazi ya bonde la juu ichanue. Ilipochanua alipakia mizinga yake yote arobaini, akaiziba midomo kwa wavu, akaondoka jioni. Nyuki husafirishwa usiku. Wakizibwa wanapumuliana, wanapata joto. Baridi ya usiku huwaokoa. Jua likiwakuta bado wamezibwa, nta inayeyuka na kuwafunika. Hesabu yake ilikuwa kufika kabla ya jua.

Injini ilizima alfajiri, kwenye mwinuko wa mwisho. Lori la kokoto lilimvuta hadi kwa Karama, na saa kumi na mbili na nusu pikapu ilikuwa uani, mizinga inavuma.

Karama alilegeza nati ya nozeli moja, mahali dizeli inapoingilia injini, akamwambia Yeslam apige stata. Halikutoka hata tone. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya pampu, mpini akauegemeza kwenye taya, kama alivyofanya siku zote, akasikiliza.

"Piga tena." Akasikiliza. "Basi. Imekwama ndani. Hii imekufa, Yeslam."

"Ipo nyingine?"

"Mjini Mukalla labda. Siku mbili, tatu."

Yeslam alitazama ng'ambo ya barabara. Kule lilikuwa shamba kubwa la vitunguu, na harufu ya dawa ya wadudu ilikuwa bado haijatoka hewani.

"Wamepuliza lini?"

"Jana jioni," alisema Salama, aliyekuwa anatoka na birika. "Jogoo wetu mmoja ameshakufa. Ukifungua mizinga yako hapa, mwanangu, utafagia nyuki kwa ufagio."

Kwa hiyo kufungua ni sumu, kutofungua ni jua. Macho ya Yeslam yakaenda kwenye ile pikapu ya rangi ya mchanga chini ya kibanda, na macho ya Karama yakayafuata.

"Hiyo haiuzwi," alisema Salama.

"Sijasema kitu, mama."

"Macho yako yamesema. Na Alhamisi watu wabebwe na nani? Na mgongo wa Karama?"

Karama alimwacha mkewe amalize. Kisha akasema, "Mizinga sita. Pampu yangu naitoa, naifunga kwako. Kwanza naangalia tangi lako kuna nini, maana pampu haifi bila sababu. Pampu mbovu unaniachia."

"Sita!" Yeslam alijua kwamba sita si bei mbaya. Lakini ulimi wake ulishazoea njia yake. "Ami, unaninyoa bila maji. Miwili."

Karama aliweka spana chini, akakaa juu ya tairi.

"Sita."

"Ami, tumejuana miaka sita."

"Ndiyo maana sijasema minane."

"Mitatu. Na tangi liache. Tangi langu halina neno, unataka kuongeza kazi ili uongeze bei."

"Tangi nalitazama kwa usalama wa pampu."

"Pampu ikishafungwa kwangu ni yangu. Ikifa ni msiba wangu, hutaalikwa."

Salama akacheka. Karama akanywa chai yake. Waliendelea hivyo, huku mwanga wa jua la asubuhi ukishuka kwenye ukuta wa jabali upande wa magharibi, inchi kwa inchi, hadi ukagusa paa la kibanda. Saa moja na nusu walipeana mikono: mizinga minne, Yeslam ndiye wa kuichagua, tangi lisiguswe. Saa nzima ilikuwa imekwenda. Yeslam alichagua mizinga minne ya katikati ya shehena, ile iliyopata joto zaidi, akaishusha mwenyewe kwa uso mkunjufu. Salama aliikokota hadi stoo ya udongo, akaifunika magunia mabichi.

Sasa Karama alifanya kazi, na alipofanya kazi hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Kwa patasi alichora mstari mmoja ulioanzia kwenye ubavu wa pampu yake ukaishia kwenye injini, ili ajue ilikaa vipi. Akafungua mabomba manne ya nozeli, akayapanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wake. Kisha nati ya mhimili, kisha chombo cha kuvutia gia, anakaza robo, anagonga kidogo, anakaza robo. Gia iliachia kwa mlio mkali.

Yeslam alikuwa juu ya mizinga na ndoo. Alimwaga maji juu ya magunia, akashuka, akateka kisimani, akapanda. Saa mbili na robo jua lilifika kwenye pikapu. Mvumo ukabadilika, haukuwa tena mvumo wa safari, ulikuwa wa juu, mwembamba, mfululizo.

"Ami, bado kiasi gani?"

Spana iliendelea kuzunguka.

"Ami Karama."

"Ukiniuliza tena nitakujibu, na nikikujibu mikono itasimama."

Yeslam akateka maji mengine.

Saa tatu kasorobo pampu ya Karama ilikuwa imekaa kwenye injini ya Yeslam. Mzee aliizungusha kwa upana wa unywele mpaka alama zikakutana, akakaza, akarudi nyuma kutazama, akailegeza, akaizungusha tena. Kisha akachomoa mpira wa dizeli unaotoka tangini ili autoe upepo. Aliuvuta kwa mdomo, kama fundi yeyote wa njia ile. Akatema. Akalamba midomo, akatulia kidogo, akatema tena.

"Yeslam. Hii dizeli umeitia sukari?"

"Nini?"

"Onja."

Yeslam alishuka, akatia kidole, akaonja. Chini ya uchungu wa dizeli kulikuwa na utamu, na utamu huo aliujua. Miezi mitatu alikuwa ameukoroga mwenyewe, kwenye madebe yaleyale ambayo kila mfuga nyuki wa uwanda ule hubebea dizeli, kwa sababu kambi ziko mbali na vituo vya mafuta na madebe ni machache. Mtu huyasuuza kwa dizeli kidogo, anafikiri yametakata. Sukari haichanganyiki na dizeli. Inakaa chini, inangoja.

"Pampu yako ilikufa kwa hiki," alisema Karama. "Nikiwasha sasa, na yangu itakufa kabla hujapita kijiji cha pili."

"Basi safisha tangi."

"Uliniambia nisiliguse. Na kulishusha, kulisafisha na kulirudisha ni hadi adhuhuri."

Yeslam alitazama juu. Mizinga miwili ya nyuma, upande wa jua, ilikuwa imenyamaza. Chini ya pikapu tone zito la asali lilianguka vumbini, likafuatwa na lingine.

"Kuna njia," alisema Karama. "Debe langu safi naliweka nyuma ya kichwa cha pikapu, juu. Dizeli natoa kwenye tangi langu. Mpira mmoja unashuka kwenye pampu kupitia filta mpya, mwingine unarudisha kwenye debe. Tangi lako hatulitumii kabisa. Dakika kumi. Hii haimo kwenye mapatano ya asubuhi."

"Sema."

"Mzinga mmoja. Nauchagua mimi."

Yeslam alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: tumejuana, unanikaba, nusu ya asali yake msimu ukiisha. Karama alikuwa ameshika spana bado, lakini mkono ulianza kushuka kuelekea chini. Mzinga wa tatu ukanyamaza.

"Chukua," alisema Yeslam.

Salama alimtazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma.

Karama alipanda na bisibisi yake. Aliiegemeza kwenye mzinga mmoja baada ya mwingine, taya kwenye mpini, bila haraka, akapita sita, akasimama kwenye wa saba. "Huu," akasema. Ulikuwa mzinga wa malkia bora aliyekuwa naye Yeslam, mama wa nusu ya kundi. Yeslam aliutoa mwenyewe, akauteremsha.

Debe likafungwa kwa kamba. Mipira ikaunganishwa, upepo ukatolewa, nati za nozeli zikakazwa moja moja huku Yeslam akipiga stata. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Betri ikaanza kulegea. "Ngoja," alisema Karama, akakaza nati ya mwisho, akafuta mikono. "Sasa." Ikashika. Ilitetemeka kwa nusu dakika, kisha ikatulia. Yeslam hakuaga. Aliondoka saa tatu na nusu, dirisha wazi, sikio nyuma.

Alifika kwenye mikunazi kabla ya saa tano, akang'oa nyavu akianzia upande wa jua. Mizinga thelathini na mitano ilifunguliwa. Kumi na mmoja haikutoka nyuki hata mmoja. Ndani yake nta, asali na maiti vilikuwa uji mmoja. Angekubali sita tangu mwanzo, Karama angelitazama tangi asubuhi ileile, naye angekuwa njiani saa nzima na zaidi kabla. Alipiga hesabu hiyo mara mbili akiwa amekaa chini ya mti, akaiacha.

Majuma matano baadaye, siku ya Alhamisi, pikapu ya rangi ya mchanga ilisimama kambini kwake imejaa watu na mbuzi.

"Pampu umepata Mukalla?" aliuliza Yeslam.

"Ni ile yako," alisema Karama. "Nimeifungua, nikaichemsha kwenye sufuria ya Salama. Sukari yote ikatoka. Mlimani inachoka kidogo, tambarare haina neno."

Yeslam aliinama akaitazama pampu. "Ungeniambia ungeweza kuichemsha."

"Kuifungua, kuichemsha, kuikausha, kuifunga. Siku nne, na majuma matatu kungoja mipira yake ya ndani. Wewe ulikuwa na saa."

"Na mizinga?"

"Ile minne uliyonichagulia, mitatu imekufa. Ule mmoja niliouchagua mimi mzima, na wa nne mzima. Alhamisi nne sikwenda sokoni, na abiria wangu watano wamehamia kwa mwingine, hawajarudi. Salama hajanisamehe sufuria."

Yeslam alikuwa na mizinga ishirini na minne, maua ya majuma mawili yaliyobaki, na pampu nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Alimwuliza mzee, yule malkia wa mzinga wa tano anauzwa kwa kiasi gani. Karama akazima injini, akaomba chai.