Yowe Nililolimeza

Nimekosa! Siandiki jina kwa sababu wakijua ni mimi, sina pa kukanyaga hapa kijijini. Hata mke wangu hajui. Nakuambia wewe tu.

Sisi ni wakulima na wafugaji, huku upande wa Kigongo. Reli mpya ilipopimwa, ikaonekana itapita katikati ya mashamba na kukata njia ya ng'ombe kwenda ziwani. Tukaanzisha umoja. Hatukuikataa reli, tusieleweke vibaya! Tulitaka kivuko cha mifugo kiandikwe kwenye karatasi kabla katapila halijagusa udongo. Basi.

Tukakubaliana kulinda kwa zamu juu ya jiwe kubwa. Mlinzi akiona mitambo anapiga yowe, mwano kwa Kisukuma chetu. Nyumba ya kwanza chini ya jiwe ni ya Masanja, jirani yangu. Yeye barabara haioni, kazi yake ni kulipokea yowe na kulipeleka mbele, kijiji kizima kitoke kikae njiani. Na mwano una sheria, hata mtoto anaijua: asiyeitikia yowe la wenzake, lake haliitikiwi.

Asubuhi ya zamu yangu akaja msimamizi wa kampuni ya ujenzi na pikipiki. Akanisalimia vizuri tu. "Kaka, vile vigingi vya kupimia reli vilivyo shambani kwako nitavisogeza. Wewe leo hujaona kitu, sawa?"

Nina shamba moja tu la mpunga! Nikaogopa kulikosa. Mitambo ikapita pale chini nimekaa, nimefunga mdomo. Watu walipokuja kushtuka, tuta limeshaziba njia ya ng'ombe.

Wakanijia juu. "Wewe ulikuwa wapi?" mwenyekiti wetu aliuliza. Nikasema, Mungu anisamehe, "Nimepiga mpaka koo limekauka! Masanja hakupokea."

Masanja akaapa. "Sikusikia kitu, ndugu zangu. Nilikuwa hapa hapa nafunga ndama."

Nani amwamini? Wakamtenga. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kuitikia yowe lake. Mikono iliponyooshwa kukubali, wangu ulikuwa wa kwanza. Wa kwanza jamani!

Na vigingi? Vipo hadi leo katikati ya mpunga wangu. Yule msimamizi akiniona anageuza shingo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita, mchana kweupe, napalilia, nikasikia mwano kwa Masanja. Sauti ya mkewe. "Moto! Moto jamani, mama yuko ndani!" Jiko lao la nyasi linawaka, na ndani kuna mama yake Masanja, bibi kizee asiyeona. Mama huyo alinilisha michembe, vile viazi vya kukausha, nikiwa mdogo!

Safari hii nyumba ya karibu ilikuwa yangu. Ilikuwa zamu yangu kupokea. Nikatazama huku na huku, kila mtu ameinama na jembe lake. Nikawaza, nikikimbia wataniuliza mbona wewe unamhurumia huyu? Nikainama na mimi.

Masanja alimtoa mama yake peke yake. Mikono yote miwili ya mama imeungua, yuko hospitali mjini.

Juzi Masanja akaja mlangoni pangu. Nilidhani ana panga! Alikuwa na chupa ya uji wa mama yake tu, anaelekea hospitali. Akanitazama, akasema polepole, "Jirani, sikulaumu. Najua hukusikia."

Akaenda zake.

Anajua! Sasa mbona hasemi? Heri angenitukana mbele za watu. Tangu hapo moshi ukipanda popote, natoka mbio kuangalia paa langu.

Wewe unayesoma, kama mmeungana kutetea ardhi yenu na ukapewa zamu, piga yowe. Hata kama shamba lako litakwenda, piga! Na kama umeshanyamaza, sema ni wewe, usimtwike mwenzako. Mimi kila nikitaka kwenda kwa mwenyekiti, miguu inaishia kwenye uzio wangu.

Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Siku uchungu ukimshika na mimi nikapiga yowe, wa kwanza kusikia ni Masanja.